Sumu ya sianobakteria na mwani wa kijani kwa bwawa la tilapia

Yaya, umeuliza kama ile sumu ya sianobakteria (bakteria zenye zinaishi na jua kama mwani) njo inamaliza mwani wa kijani kwa bwawa lako la tilapia hapo Goma. Inaweza kuuumiza, ndiyo, lakini si kila mara. Sumu yenye kujulikana sana ni mikrosistini, Microcystis, aina moja ya sianobakteria, inaitengeneza, inafunga vimeng'enya vyenye vinaondoa fosfati kwenye protini, ni juu ya hiyo inaharibu hata maini ya mtu na ya mbuzi. Kwa mwani ikiwa nyingi inazuia kukua, na ndani ya seli inaleta okisijeni kali zenye zinachoma utando wa seli. Chlamydomonas, ule mwani wa mikia miwili, unaacha kuogelea, unashuka chini kwenye mwangaza ni kidogo, na Microcystis yenye inaelea juu inabaki na jua yote! Ila sumu ikiwa kidogo, aina zingine zinavumilia, zinaifunga na glutationi, kitu yenye seli inatumia kupunguza ukali wa sumu, maisha inaendelea. Mimi naona kwako kivuli cha ile tope ya kijani yenye inakaa juu kama rangi ya nyumba kinaumiza mwani kuliko sumu yenyewe. Tafadhali yaya, hayo mayi usipatie watoto hata ukiyachemsha, moto hauondoe mikrosistini, unapasua tu seli na sumu inamwagika inje, na OMS, shirika la afya la dunia, inaweka mpaka wa mikrogramu 1 tu kwa litre moja ya mayi ya kunywa.