Herufi Zilezile, Neno Jingine

Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayechanganya rafiki na fariki, ingawa maneno hayo yote mawili yameundwa kwa herufi sita zilezile. Maana hufika kabla jicho halijaanza kuhesabu herufi. Kwenye Kiingereza wengi wetu bado hatuna wepesi huo, hasa neno likifika herufi tisa na kuendelea. Nakuandikia wewe unayeanza kazi ya kufasiri, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoumia mapema.

Moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kijitabu kuhusu maji. Kichwa cha sura ya pili kilikuwa na neno “conservation”, yaani uhifadhi. Mimi nikaliona “conversation”, nikaandika “Mazungumzo kuhusu maji”. Kichwa peke yake kingesameheka. Kilichoniuma hadi leo ni kwamba aya iliyofuata ilieleza waziwazi habari za kutunza vyanzo, nami nikaipindapinda ikubaliane na kosa langu, nikaingiza na vikao ambavyo mwandishi hakuvitaja popote. Programu ya kukagua tahajia haikunionya, na isingeweza, maana kila neno nililoandika lilikuwa neno halali. Aliyegundua ni mhariri wa upande wa mteja, rasimu ikiwa karibu kwenda kiwandani.

Yatazame maneno hayo kwa utulivu. Kila moja lina herufi 12, yote yanaanza na “con” na kuishia na “ation”. Tofauti iko katikati tu: “serv” na “vers”. Msomaji mwenye haraka hushika mwanzo na mwisho wa neno, kisha katikati anakisia kwa mazoea. Kwa hiyo nilijizoeza kulikata neno na kuuliza kila kipande kinabeba nini. “Serv” hapa imetokana na Kilatini “servare”, kutunza, nayo ndiyo iliyomo ndani ya “preserve” na “reserve”. “Vers” inabeba wazo la kugeuka, kama katika “reverse”. Ukishaijua mizizi hiyo miwili, jicho lenyewe linaanza kusimama pale katikati.

Jozi ambayo ningekuomba uiogope kuliko zote ni “cautioned” na “auctioned”. Herufi ya “c” ikihama nafasi mbili tu, mtu aliyeonywa anageuka mali iliyopigwa mnada. Maneno hayo huweza kukaa jirani katika nyaraka za madeni na za mahakama, na sentensi ikiwa fupi muktadha hautakuokoa. Herufi hizohizo tisa zinaunda pia “education”, lakini hiyo inaanza kwa sura nyingine kabisa na sijawahi kuona mtu akiikosea. Vivyo hivyo “mountaineer”, mpanda milima, na “enumeration”, kuhesabu kimoja kimoja: herufi 11 zilezile, jozi nzuri ya kufurahia, ila kazini usiipotezee muda.

“Algorithm” na “logarithm” zilinisumbua mpaka nilipojua zilikotoka. La kwanza ni jina la mtu: al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ambaye jina lake liligeuzwa na waandishi wa Kilatini. Ndilo tunaloliita algoriti, hatua za kufuata ili kutatua jambo. La pili liliundwa na John Napier wa Scotland, aliyechapisha majedwali yake mwaka 1614, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki “logos”, uwiano, na “arithmos”, namba. Hilo ndilo logi la vitabu vya hesabu. Tangu siku hiyo, kila moja nalikumbuka pamoja na mtu wake.

Kwenye hesabu za fedha kuna “deductions” na “discounted”. Hapa jicho halina shida kubwa, bali akili: yote mawili yanahusu kupunguza. Makato ya mshahara hayana uhusiano na bei iliyopunguzwa. Ukiona moja, rudi uangalie safu ya tarakimu iliyo mbele yake kabla hujaandika.

Wanaoanza huniuliza sana kuhusu neno refu la herufi 45, “pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis”. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno nchini Marekani, na linataja ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini sana la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Lisikutishe. Likate tu: mapafu, kupita kiasi, dogo lisiloonekana kwa macho, silika, volkano, vumbi, ugonjwa. Tena hakuna neno lingine unaloweza kulifananisha nalo kwa bahati mbaya, kwa hiyo kwangu ni neno salama kuliko “cautioned”.

Ninapomaliza rasimu huiacha ilale usiku mmoja. Asubuhi nachukua matini ya Kiingereza peke yake, natia duara kila neno la herufi tisa au zaidi, kisha nasoma maneno hayo kwa sauti, silabi kwa silabi, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza, ili mtiririko wa habari usinisaidie kukisia. Baada ya hapo ndipo ninapofungua tafsiri yangu na kulinganisha duara kwa duara.