Kwa mnaoanza historia: jina Kenya lina tarehe

Wale mmeingia mwaka wa kwanza wa historia hapa Nairobi na mmepewa asainmenti ya jina la nchi, tafadhali msimalize kurasa tatu mkieleza mlima na maana ya neno. Kila mtu huandika hiyo. Swali lenye nyama ni nani alitaka jina libadilike na alikuwa anatafuta nini.

Kabla ya 1920 karatasi za serikali zilisema East Africa Protectorate, himaya iliyotangazwa 1895 baada ya IBEA (Imperial British East Africa Company), kampuni ya Waingereza, kuishiwa pesa. Vita vya kwanza vya dunia vikaisha, serikali inataka mikopo kule London na koloni kamili lilikuwa linakopa kwa urahisi kuliko himaya, walowezi nao wanasukuma kwa upande wao, basi Julai 1920 bara ikafanywa Kenya Colony. Haikukaa sana mahakama ikaamua Waafrika ni wapangaji tu kwa ardhi ya mfalme wa Uingereza, kwa hivyo ukisoma hilo jina jipya soma na shamba la mtu ndani yake. Hapo ndipo mimi hukasirika kila nikifundisha.

Sasa pwani ndio wengi huruka. Ule ukanda wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza walikuwa wanaulipia kodi tu, hawangeweza kuuita koloni, ukabaki himaya, ndio maana jina kamili likawa Colony and Protectorate of Kenya. Hiyo "and" ilileta kazi mpaka uhuru: kuna watu wa Mwambao walitaka kujitenga, na Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua kuhusu huo ukanda, na mahakama za kadhi zikawa kwa hayo makubaliano. Mpaka leo ziko kwa katiba ya 2010.

Nendeni Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ulizia gazeti rasmi la serikali la 1919 na la 1921, weka sako kwa bako uangalie kichwa cha ukurasa wa kwanza. Halafu kwa notsi zako kila jina liende na mwaka wake, na mipaka pia, juu reli ilipofika Kisumu 1901 ilikuwa imefika Uganda ya wakati huo, huo upande ulihamishwa kuingia East Africa Protectorate 1902.