Kabla hujapandisha video ya gobore

Video iliyoniuma kuliko zote kuipoteza ilikuwa ya dakika kumi na moja. Niliirekodi kwenye vilima vya Matumbi, wilayani Kilwa, kwa mzee mmoja mwenye gobore la kulindia shamba, tena lina kibali. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akaingia ndani na kutoka nalo limeviringishwa kwenye kanga kuukuu. Kitako kilikuwa na ufa uliozungushiwa waya wa shaba, na mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, ulikuwa umepinda kidogo nchani. Akalipakata, akaanza kusimulia. Nami nikamwacha aendelee hadi kwenye namna baruti inavyopatikana na mhunzi anavyounda mtambo wa kufyatulia. Siku mbili baadaye mtandao ukaiondoa.

Nilikasirika sana. Hasira zilipopoa nikaketi kusoma kanuni, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, na tangu hapo sipandishi kitu kabla ya kuzipitia.

Chukua za YouTube, ambazo watu wengi huku Lindi na Mtwara wanazihitaji. Haziruhusu video ya kuuza silaha, wala kuweka kiungo cha duka linaloziuza, wala kufundisha kutengeneza bunduki au risasi. Kurusha matangazo mubashara ukiwa umeshika bunduki nako hakuruhusiwi. Kosa la kwanza kwa kawaida ni onyo. Baada ya hapo, adhabu tatu ndani ya siku 90 na chaneli inafungwa.

Kuna jambo linalotugusa sisi zaidi. Tangu Juni 2024, video zinazoonyesha matumizi ya silaha za kutengenezwa nyumbani zimewekewa kikomo cha umri wa miaka 18. Walioandika kanuni hiyo walikuwa wakihofia bunduki zinazochapwa kwa printa. Lakini gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijijini nalo limetengenezwa nyumbani, na kanuni haiulizi kama lina miaka mitatu au themanini. Kwa maoni yangu hapo historia yetu inaonewa. Hata hivyo, panga kazi yako ukijua hivyo: video yenye kikomo haimfikii mwanafunzi wa sekondari, na yeye ndiye ninayemtaka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: simulia bunduki ilipita mikononi mwa nani, achana na namna inavyoundwa. Vita vya Majimaji vilianzia huko huko Matumbi, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Wajerumani. Mikuki na magobore vilikutana na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Au nenda Mahiwa, mkoani Lindi, palipopiganwa vita vikali Oktoba 1917, ueleze kwamba askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliianza Vita ya Kwanza ya Dunia wakiwa na bunduki za mfano wa 1871, ambazo moshi wa baruti yake uliwafichua walipojificha. Hayo yanatosha kumshika mtazamaji bila kumfundisha kushindilia chochote.

Kabla ya kamera kuwaka, omba kuona kibali. Silaha nchini zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na ukimrekodi mtu asiye na kibali umemtia matatani kwa mkono wako mwenyewe. Usiishike wewe, mwenye nayo aishike. Usionyeshe nyumba wala njia ya kufika kwake, maana wezi nao wana simu. Kwenye maelezo ya video andika wazi kwamba ni ya historia, na useme hivyo ndani ya video pia. Ikiondolewa, kata rufaa kwa utulivu, ukitaja dakika na sekunde unazozitetea.

Ile ya mzee niliikata ikabaki dakika saba, nikaipandisha upya, na bado ipo. Dakika nne nilizozitoa sikuzifuta. Ziko kwenye diski mbili, na nakala nimempelekea mwanaye kwenye flashi, kwa sababu sauti ile ni ya baba yake.