Baiskeli au mwongozaji kwa siku 2 Kisumu?

Dada, umeuliza kama siku 2 Kisumu na watoto wawili zinahitaji mwongozaji, au baiskeli za kukodi zinatosha. Mimi ningechanganya.

Baiskeli chukua asubuhi, saa 12 na nusu hivi, kabla jua halijawaka. Shika njia ya Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria, ukipitia hifadhi ya swala karibu na ziwa. Lakini kabla hujalipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe, kisha ubane breki zote mbili. Mimi niliona aibu kukagua, mnyororo ukachomoka mara tatu na nikarudi mjini nikisukuma, mikono myeusi kwa grisi.

Mwongozaji mweke kwa ajili ya Dunga kwenyewe. Mafunjo yale ukiyatazama peke yako ni majani tu. Mvuvi aliyekulia pale atakuonyesha ndege usiyemdhania, na anajua viboko wamelala upande gani. Patana bei kabla ya kupanda boti, uulize ni ya mtu mmoja au ya boti nzima. Kila mtoto avae jaketi ya kuelea, hata wakilalamika joto. Jioni maji huchafuka, kwa hiyo nenda mapema.

Siku ya pili pandeni matatu ya Bondo mkaone Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopandana, kama kilomita 29 hivi. Baiskeli huko sahau, ukiwa na watoto.

Ngege, yaani samaki aina ya perege, wa kukaanga mle Dunga. Mchague mwenyewe akiwa bado mbichi.