Feiza Mbili, Kisanduku Kimoja: Maswali ya Wapiga Gita

Naona pedali ya feiza mbili (feiza ni saketi ya kuifanya sauti ya gita izunguke kama wimbi) imewapanda vichwani, toka Lamu hadi Malindi. Haya, tuyachukue maswali yenu.

Nataka feiza mbili kwenye kisanduku kimoja, nizipange nitakavyo. Nianze wapi? (Langoni, Lamu)

Anza na moja, kijana. Feiza ya hatua 4, mfano wa MXR Phase 90 ya miaka ya 1970, hugeuza fezi ya sauti ya gita, yaani huyachelewesha mawimbi yake kidogo, kisha huichanganya na ile ambayo haikuguswa. Panapopingana, sauti hufutika. Hatua 4 hukupa mabonde 2 kwenye sauti, yaani sehemu 2 zilizofutika, na osileta ya polepole, saketi inayopandisha na kushusha volti bila kukoma, huyapandisha na kuyashusha. Hiyo ikishalia vizuri, ndipo ujenge ya pili.

Kati ya mfululizo na sambamba, ipi tamu? (Barani, Malindi)

Mfululizo ndio wenye nguvu. Feiza ya kwanza (A) ikimwaga ndani ya ya pili (B) unapata mabonde 4, 2 ya kila moja. Mwendo ukiwa mmoja, mabonde yao hukutana na kuzidi kina. Ukizitenganisha kasi, hupishana na sauti haijirudii upesi. Sambamba, yaani gita lilishe zote mbili kisha sauti zao zichanganywe, ni pole zaidi, kwa sababu pale A ilipofuta, B bado inapitisha sauti, kwa hiyo bonde hujaa nusu.

Waya zenyewe si nyingi: swichi moja ya miguu 6 (pini za kuunganishia waya) inatosha. Upande mmoja unachagua B ilishwe na nani, A au gita moja kwa moja. Upande wa pili unaunganisha au kukata njia ya A kwenda kwenye tokeo, ambako kila feiza inapitia resista yake ya kilo-omu 10. Hakikisha tu hakuna feiza inayopindua sauti juu chini, la sivyo ukiziunganisha sambamba zitamezana.

Mtego uko hapa, na wengi hawauoni mpaka siku ya shughuli. Ukiwa kwenye sambamba, ukaizima A kwa swichi ya kawaida ya mguu, A haikai kimya: inapitisha sauti tupu, nayo inaipunguzia B makali. Swichi ya A inatakiwa iikate kabisa ukiwa sambamba. Wapo wanaoupenda wepesi ule, ila basi iwe ni kwa kutaka.

Ungeniuliza mimi, ningeacha vifundo vingine vyote nikaweka swichi ya osileta: kila feiza na yake, au zote mbili kwa moja, au B igeuzwe ishuke A inapopanda. Mu-Tron Bi-Phase ya Musitronics, Marekani, ilikuwa na mpango wa namna hiyo miaka hiyo hiyo ya 1970, na ndiyo sababu bado inasakwa.

Nimeletewa transista 2N5952 za feiza kutoka Nairobi. Fundi asema nizipime. Si namba ni moja? (Mkomani, Lamu)

Namba moja, tabia mbalimbali. Transista ina miguu mitatu: dreni ipe volti 9, geti ipeleke graundi (upande hasi wa umeme), sosi iteremshe graundi kwa resista ya kilo-omu 10, kisha usome mita kwenye sosi. Moja itakuambia volti 1.9, jirani yake 2.6. Usiishike kwa vidole wakati wa kusoma. Joto la mkono tu linahamisha namba. Ichomeke, iache ipoe, ndipo uandike.

Unahitaji 8, moja kwa kila hatua, lakini si lazima zote zifanane. Tafuta 4 zinazokaribiana kwa A na 4 nyingine kwa B, mradi kila upande uwe na trima yake (resista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) ya bayasi, yaani volti ya kuziweka sawa transista.

Pedali yangu yapiga tik, tik, tik hata nisipogusa nyuzi. (Maweni, Malindi)

Hiyo ni osileta, inavuta umeme kwa mishtuko. Ilishe kupitia omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 100, waya zake ziwe mbali na za gita, na graundi yake irudi moja kwa moja kwenye jeki ya umeme. Chipu ya TL062 badala ya TL072 kwenye osileta pia husaidia, maana inakula umeme kidogo.

Naweza kutumia betri ya sola ya volti 12? Tuna harusi Manda.

Weka LM7809 katikati, chipu ya kushusha umeme hadi volti 9. Inataka kama volti 11 za kuingia, basi betri isiwe imechoka.

Chumvi ya bahari itaniachia kitu?

Ukizembea, haitakuachia. Baada ya kulehemu, osha ubao kwa spiriti, ukauke, upake vanishi, ila ufunike trima, swichi na jeki kwanza. Kisanduku cha aluminiamu kwa skrubu za stenlesi hulika pale vinapogusana. Pakaza grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kufunga.

Taarab inaikubali feiza?

Ndiyo, mwendo uwe wa polepole. Mwimbaji akishika ubeti, izime ile ya pili, ibaki feiza moja tu.