Kabla ya kupima torki ya shafti, pima kipenyo chake

Kipimo changu cha kwanza cha torki (msukumo wa kusokota) kwenye shafti inayozunguka kilidai kwamba pampu inapokea nguvu nyingi kuliko umeme uliokuwa ukivutwa na mota yake, jambo lisilowezekana. Nilibandua geji za mnyumbuko, yaani vipande vyembamba vinavyobandikwa kwenye shafti ili kupima jinsi uso wake unavyonyumbuka, nikabandika nyingine, nikachomea waya upya, na siku mbili zikapita kabla sijachukua kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, na kugundua kwamba shafti iliyoandikwa milimita 40 kwenye mchoro ilikuwa imekerezwa hadi 38 ili kuondoa sehemu iliyolika.

Milimita hizo 2 ziliongeza jibu langu kwa takriban asilimia 17. Kwa shafti isiyo na uwazi ndani, mnyumbuko wa usoni katika pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye mhimili ni 8T ÷ (πd³G), ambapo T ni torki, d ni kipenyo, na G ni kipimo cha ukinzani wa chuma dhidi ya kusokotwa, ambacho kwa feleji ni gigapaskali 80 hivi. Kipenyo kimo katika kipeo cha tatu, kwa hiyo kosa lake dogo hukua upesi. Pembe ya kubandikia geji, ambayo ni hizo nyuzi 45, kinyume chake, husamehe: geji zote zikipotoka nyuzi 5 kwa pamoja, usomaji hupungua kwa asilimia 1.5 tu, ingawa hapo kupinda kwa shafti huanza kupenya katika kipimo.

Usitarajie ishara kubwa. Mota ya kilowati 15 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika hutoa torki ya nyutonimita 99 hivi, ambayo kwenye shafti ya milimita 40 huleta mnyumbuko wa sehemu 49 kwa milioni. Geji nne zilizounganishwa katika daraja la Wheatstone (saketi inayogeuza mabadiliko madogo ya ukinzani wa umeme kuwa volti) na kupewa volti 5 zitarudisha nusu milivolti.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha mota, funga upande mmoja wa shafti usizunguke, kisha ning'iniza kilo 10 kwenye ncha ya mkono wa chuma wa mita 1 uliolala sawasawa. Hiyo ni torki ya nyutonimita 98, karibu sawa na mzigo kamili wa mota ile. Ningefanya hivyo mapema, ningesoma 114 badala ya 98, na kalipa ingetoka sandukuni asubuhi ya siku ya kwanza.