Mwanao anaweza kushindana

Dada, nimekuelewa: kijana ana miaka 12, mguu umekatwa chini ya goti, anaota kuogelea kwenye Paralimpiki (michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu), na kocha wa shule anasitasita kumfundisha. Tafuta kocha mwingine, mapema.

Kamati ya Kitaifa ya Paralimpiki ya Kenya ndiyo ya kuuliza kuhusu uainishaji, yaani kupangwa katika daraja kulingana na ulemavu. Katika kuogelea, ulemavu wa viungo una madaraja S1 hadi S10, na S10 ndiyo yenye ulemavu mdogo zaidi. Daraja ndilo huamua atashindana na nani. Weka ripoti zote za daktari. Mashindanoni mguu wa bandia hauingii majini, basi azoee kujirusha majini kwa mguu mmoja. Kasarani, Nairobi, kuna bwawa la mita 50.

Akitoka majini, kausha kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki) kabisa kabla ya kuvaa mguu, hasa kwenye mikunjo ya kovu. Kikitoka kidonda, au bega likiuma siku kadhaa, mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Na shule asiache, tafadhali.